Shilingi Hamsini ya Sokoni Huandikwa Wapi?

Siku ya soko, mkusanya ushuru hupita kati ya vibanda na mikeka ya nyanya akiwa na kitabu cha risiti kwapani. Mama mboga humpa Sh50, hupokea karatasi ndogo, huikunja na kuifunga kwenye pindo la leso. Kufikia jioni karatasi hiyo imeshafungiwa njugu za mtoto.

Katika mikutano ya wananchi, swali ambalo halikosi kuulizwa ni hili: pesa hizo huenda wapi? Kujibu kwamba "zinaenda kaunti" hakumsaidii mtu. Katika toleo hili tunafuata shilingi hamsini moja, kutoka kwenye leso hadi kwenye ripoti ya ukaguzi, ili mkazi ajue ni daftari gani linaloandikwa wapi na ni pahali gani pesa zinaweza kupotea. Hesabu tutakazotumia ni mifano tu. Viwango halisi vya ushuru na ada vimo katika Sheria ya Fedha ya Kaunti, ambayo hupitishwa na Bunge la Kaunti, na mkusanya ushuru hana ruhusa ya kuongeza wala kupunguza hata shilingi moja.

Risiti tupu ni pesa

Hesabu huanza kabla ya soko kufunguliwa. Kila kitabu cha risiti kina nambari zilizochapishwa zikifuatana, na kinapotoka ofisini huandikwa katika daftari la vitabu: nambari ya kwanza, nambari ya mwisho, tarehe, aliyekichukua na sahihi yake. Wengi huona kazi hii kama usumbufu wa makarani. Lakini anayeshika kitabu ambacho hakijaandikwa popote anaweza kukusanya ushuru kutwa nzima na asidaiwe na mtu yeyote. Ndiyo maana wakaguzi huuliza vitabu vya risiti viko wapi kabla hawajauliza pesa ziko wapi.

Tuseme mkusanya ushuru alipewa kitabu chenye risiti nambari 4501 hadi 4600. Jioni anarudi akiwa amefika nambari 4586. Amekata risiti 86, na kwa Sh50 kila moja zingekuwa Sh4,300. Lakini mbili ziliharibika, labda aliandika tarehe vibaya au mvua ikalowesha kitabu. Risiti iliyoharibika haitupwi. Nakala zake zote hubaki kitabuni zikiwa zimeandikwa "imebatilishwa". Zikitolewa hizo mbili zinabaki 84, na pesa zinazotakiwa mezani ni Sh4,200. Zikiwa Sh4,150, kuna swali la kujibiwa jioni hiyo hiyo kabla watu hawajasahau. Zikiwa Sh4,250 pia kuna swali, kwa sababu kuna mtu aliyelipa bila kupewa risiti.

Ujanja wa zamani ni kuandika kiasi kimoja kwenye risiti ya mlipaji na kingine kwenye nakala inayobaki kitabuni. Mwenye lori la viazi analipa Sh2,000, nakala inasema Sh200, na hesabu ya ofisini inalingana sawasawa. Hakuna daftari la kaunti linaloweza kugundua jambo hilo peke yake. Kinachoweza kuligundua ni ile karatasi iliyo mkononi mwa mwenye lori, kwa hivyo aiweke.

Upo pia mpango wa "nipe thelathini tuyamalize". Mfanyabiashara anaona ameokoa ishirini. Kaunti imekosa hamsini zote, na kibaya zaidi, rekodi inaonyesha kwamba siku hiyo kibanda chake hakikuwepo. Wakati wa kupanga bajeti, wakazi wakiomba paa la soko au choo, maafisa hufungua hesabu za mapato za soko hilo. Soko linalojaa watu hadi barabarani linaweza kuonekana kwenye vitabu kama soko lililokufa.

Kutoka mezani hadi benki

Sh4,200 zikishahesabiwa huandikwa katika daftari la fedha. Hili ndilo daftari la msingi, na muundo wake hauna siri yoyote: upande mmoja pesa zilizoingia, upande wa pili zilizotoka, na mwisho wa siku salio. Kila mstari una tarehe, maelezo mafupi na nambari ya karatasi inayouthibitisha. Mstari usio na karatasi ni maneno tu. Karani akikosea, hupiga mstari mmoja juu ya kosa, huandika sahihi yake kando na kuandika kiasi kilicho sawa. Hafuti kwa wino mweupe, maana anayesoma baadaye anapaswa kuona hata kilichokosewa.

Kisha pesa hupelekwa benki. Hapa ndipo penye sheria ambayo watu wema huivunja kuliko zote. Kifungu cha 207 cha Katiba kinataka pesa zote zinazokusanywa na kaunti ziingie katika Mfuko wa Mapato ya Kaunti, isipokuwa zile zilizotengwa na Sheria ya Bunge. Kanuni za usimamizi wa fedha za kaunti za 2015 zinakataza afisa yeyote kuzitumia pesa hizo kati ya wakati wa kuzipokea na wakati wa kuziweka benki. Hospitali na zahanati za umma zina njia yao tangu sheria ya 2023 iliyoziruhusu kubaki na mapato yao na kuyatumia kuboresha huduma. Soko halina ruhusa hiyo.

Sasa tuchukue msimamizi wa soko ambaye choo chake kimekosa sabuni na maji. Ana Sh4,200 mkononi. Anatoa Sh300, ananunua sabuni, anapeleka Sh3,900 benki na kuhifadhi risiti ya duka. Hakuiba. Wanaotumia choo watamshukuru. Lakini mapato ya siku hiyo yameandikwa pungufu, na matumizi ya Sh300 hayakuidhinishwa na mtu yeyote wala hayataonekana katika bajeti. Mwaka ujao kifungu cha usafi wa soko kitapangwa kana kwamba sabuni haihitajiki. Zaidi ya hapo, akishazoea kutoa Sh300 za sabuni, ni nani atakayejua siku aliyotoa Sh300 za chakula chake?

Njia halali ni kuwa na pesa ndogo za matumizi, zinazoitwa masurufu ya kudumu. Ofisi hupewa kiasi maalum, tuseme Sh10,000, kutoka kwenye bajeti na si kutoka kwenye ushuru. Kila kinachonunuliwa huwa na hati. Uzuri wa mpango huu ni kwamba unaweza kukaguliwa kwa dakika tano: pesa taslimu zikijumlishwa na hati lazima zifike Sh10,000 wakati wowote. Ukifungua sanduku ukakuta Sh6,350 na hati za Sh3,650, hesabu iko sawa. Pesa zikikaribia kwisha, hati hupelekwa na kiasi kilichotumika hurudishwa. Masurufu ya safari ni tofauti kidogo. Afisa aliyepewa hana budi kuyatolea hesabu ndani ya siku 7 za kazi baada ya kurudi kituoni, na asipofanya hivyo hukatwa kwenye mshahara.

Salio mbili zisizolingana

Mwisho wa mwezi benki hutoa taarifa yake. Karibu kila mara salio la benki halilingani na la daftari, na jambo hilo peke yake si dalili ya wizi. Mfano: daftari linasema Sh186,400, benki inasema Sh181,950. Tofauti ni Sh4,450. Karani anapitia mstari kwa mstari na kugundua kwamba Sh4,200 zilizopelekwa siku ya mwisho ya mwezi hazijaonekana bado kwenye taarifa ya benki, na kwamba benki ilikata Sh250 za huduma ambazo yeye hakuwa na habari nazo. Akiongeza Sh4,200 upande wa benki na kupunguza Sh250 upande wa daftari, pande zote mbili zinafika Sh186,150. Kazi hiyo huwekwa kwenye karatasi, hutiwa sahihi na kukaguliwa na mkubwa wake.

Karani akiwa mmoja mwaminifu na mwenye saa mbili za utulivu, kazi hii inamalizika. Ikiachwa miezi minane, hakuna anayekumbuka Sh250 zilikuwa za nini, na mkaguzi akifika atapata tofauti isiyo na maelezo.

Jambo jingine ni nani anafanya nini. Anayepokea pesa asiwe ndiye anayeandika daftari, na anayeandika daftari asiwe ndiye anayelinganisha na benki. Katika makao makuu ya kaunti ni rahisi. Katika wadi ya mbali yenye wafanyakazi wawili, mmoja akiwa likizoni, si rahisi hata kidogo, na tusijidanganye. Pahali pa namna hiyo kinachosaidia ni msimamizi wa wadi kufika bila taarifa na kuhesabu pesa dhidi ya risiti, na wakusanya ushuru kubadilishwa masoko mara kwa mara.

Je, malipo ya simu na mashine za kutoa risiti hazijamaliza matatizo haya? Zimepunguza mengi. Pesa zinazolipwa kwa simu hazipiti mfukoni mwa mtu, na kila malipo yana nambari yake. Lakini mtandao hupotea, mashine huisha chaji, na kitabu cha risiti hutolewa tena kwenye droo. Hapo mapato ya siku moja yanakuwa pahali pawili, na lazima mtu akae ayajumlishe. Mfumo ambao hakuna anayeulinganisha na benki ni kitabu cha risiti cha bei ghali.

Daftari linalozuia madeni

Tumeangalia pesa zinazoingia. Kwa zinazotoka, daftari muhimu kuliko yote ni lile la vifungu vya bajeti, na pengine ndilo ambalo wananchi hawajawahi kulisikia.

Tuseme ukarabati wa vyoo vya masoko umetengewa Sh600,000. Mwezi wa Septemba, kaunti inampa fundi oda ya kazi ya Sh350,000. Hajalipwa hata senti. Ukitazama pesa peke yake, Sh600,000 zote zipo. Lakini daftari la vifungu huandika oda siku inapotolewa, si siku ya malipo, na linaonyesha kwamba kilichobaki ni Sh250,000. Afisa asiyelitazama atatoa oda nyingine ya Sh400,000 mwezi wa Novemba. Jumla ni Sh750,000. Mafundi wote wawili watafanya kazi kwa uaminifu, na Sh150,000 hazipo. Fundi wa pili alikopa saruji dukani, mwenye duka anadai, na karo ya shule haisubiri. Si kila deni la wanakandarasi huzaliwa hivi, maana mengine hutokana na fedha kuchelewa kutoka Nairobi au mapato kutofikia lengo. Lakini aina hii ingezuiwa na mstari mmoja wa kalamu.

Kuna sababu nyingine iliyofanya madeni yajifiche. Kwa miaka mingi kaunti zilitayarisha hesabu kwa msingi wa pesa taslimu: kilicholipwa kiliandikwa, kisicholipwa hakikuingia katika hesabu kuu. Tangu mwaka wa fedha wa 2024/2025 serikali za Kenya zimeanza kuhamia mfumo unaoandika deni siku linapotokea na mali siku inapopatikana. Kazi hiyo itachukua miaka, kwa sababu ni lazima kwanza kujua kaunti ina ardhi gani, magari mangapi na majengo yapi, na mengine yalirithiwa kutoka mabaraza ya zamani yaliyovunjwa 2013 bila orodha kamili.

Mkazi anaweza kuona nini

Mwaka wa fedha huisha Juni 30. Ndani ya miezi 3 hesabu za mwaka hupelekwa kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, naye ana miezi 6 tangu mwaka kuisha kukagua na kutoa ripoti. Ripoti hizo huchapishwa, na zile za Mdhibiti wa Bajeti hutoka kila robo ya mwaka zikionyesha kila kaunti ilikusanya nini ikilinganishwa na lengo lake. Ukisoma ripoti ya ukaguzi, anza na maoni ya mkaguzi. Yanaweza kusema hesabu ni safi, kwamba ni safi isipokuwa mambo fulani, kwamba haziaminiki, au kwamba mkaguzi hakuweza kutoa maoni yoyote. Hilo la mwisho mara nyingi si kwa sababu ya wizi uliothibitishwa, bali kwa sababu karatasi hazikupatikana.

Makadirio ya bajeti hufika katika Bunge la Kaunti kufikia Aprili 30, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Ukihudhuria, uliza soko lako lilileta kiasi gani mwaka uliopita na lilitengewa kiasi gani. Maswali hayo mawili hujibiwa kwa tarakimu.

Anayetaka kuona rekodi ya mapato ya soko lake kabla ya hapo anaweza kuandika ombi kwa ofisi ya kaunti chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Si lazima aeleze sababu ya kuitaka. Ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21, na isipojibu, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki. Barua iandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, itaje soko na miezi inayotakiwa, na mwandikaji abaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.