Barua pepe: maandishi matupu au yaliyopambwa?

Mwanafunzi aliye Nakivale, wilayani Isingiro, mara nyingi husoma barua zetu kwenye simu, kwa bando analolihesabu. Kwa hiyo tangazo la kipindi au tarehe ya mtihani kutoka hapa Ruharo tuliandike kwa maandishi matupu, bila nembo wala picha.

Kwa mwalimu wa sarufi kuna jambo zito zaidi. Tukikoleza wino kiambishi cha nafsi katika "wanasoma", programu isiyoonyesha mapambo hufuta ukolezaji huo, na mwanafunzi haoni tena tulichotaka akione. Kistari hakipotei: wa-na-som-a. Sentensi isiyo sahihi nayo tusiipake rangi nyekundu. Kinyota mbele yake, kama wafanyavyo wanaisimu, chatosha.

Kiswahili kina bahati, kwani herufi zake hazivikwi alama juu. Tuangalie ritifaa tu: programu za kuandikia huipinda, na kwingine "ng'ombe" akafika "ng?ombe".

Jedwali la ngeli ndilo linalodai mapambo, maana safu zake huvurugika. Liende kama kiambatisho, na ndani ya barua tutaje kilichomo na ukubwa wake, msomaji aamue kama atakifungua leo au atangoja afike mjini Mbarara.