Sura ya Nne: Mche Ulioshika

Fungua kundi lolote la WhatsApp la kamati ya harusi jijini Dar es Salaam, utakuta orodha inayorekebishwa karibu kila jioni. Namba, jina, ahadi, alichotoa, kilichobaki. Baba Neema, ahadi 200,000, ametoa 100,000. Shangazi wa Tabata, ahadi 100,000, amemaliza. Mweka hazina huwakumbusha waliochelewa kwa upole mara ya kwanza na ya pili. Ya tatu lugha hubadilika. Aliyefikisha kiwango hupata kadi ya watu wawili, aliyepungukiwa hupata ya mtu mmoja. Mama mdogo atakayekesha akichambua mchele hayumo kwenye orodha, wala kijana atakayekwenda stendi usiku wa manane kupokea wageni wa kutoka mkoani. Familia inawathamini sana watu hao, lakini hakuna safu ya kuwaandikia.

Sura hii inahusu safu hiyo inayokosekana. Watu wengi wenye akili timamu wanaishi kwa kipimo ambacho hawakukichagua, na sababu mojawapo kubwa ni kwamba pesa inaandikika. Unaweza kuijumlisha, kulinganisha ya huyu na ya yule, na kuitaja mbele ya mtu asiyekujua hata kwa jina. Upole wa baba kwa wanawe haujumlishiki. Ndiyo maana watu waliosoma pamoja wakikutana baada ya miaka mingi, swali linalowahi ni "Umeshajenga?", na jibu la "bado" humfanya mwalimu hodari aliyevusha mamia ya watoto ajione amechelewa maishani.

Hata mataifa yamenaswa hapo. Simon Kuznets, mchumi aliyeongoza kazi ya kukadiria pato la taifa la Marekani, alilionya Bunge la nchi hiyo mwaka 1934 kwamba ustawi wa watu ni vigumu kuusoma kutokana na pato hilo. Kipimo kikaenea dunia nzima. Onyo likabaki kwenye ripoti.

Tuseme ukweli kuhusu pesa kabla ya kwenda mbali. Mtu asiye na kodi ya nyumba wala dawa ya mtoto akiambiwa na aliyeshiba kwamba pesa si kila kitu, anatukanwa. Utafiti uko upande wake. Mwaka 2010 watafiti Daniel Kahneman na Angus Deaton walichambua majibu zaidi ya 450,000 ya Wamarekani, wakaona furaha ya siku hadi siku inapanda pamoja na kipato mpaka kufikia kama dola 75,000 kwa mwaka, kisha inatulia. Mwaka 2021 Matthew Killingsworth, aliyewauliza watu kupitia simu zao wanajisikiaje saa ile ile, akaona mstari unazidi kupanda. Kahneman na Killingsworth wangeweza kurushiana maneno. Badala yake walikaa kitako na mwenzao Barbara Mellers, na mwaka 2023 wakatoa jibu la pamoja: kwa walio wengi furaha huendelea kupanda, ila kuna kundi dogo la watu wenye huzuni ambao kipato kikishapita kama dola 100,000 hakiwapunguzii tena machungu. Namba hizo ni za Marekani, huwezi kuzihamishia Mwanza au Mombasa. Lakini funzo lake linasafiri. Pesa huondoa mateso yanayoletwa na ukosefu wa pesa. Msiba, sonona na ndoa iliyovunjika haivifikii.

Kwangu mimi, utafiti wenye uzito zaidi ni ule wa Tim Kasser na Richard Ryan wa mwaka 1993. Hawa hawakujali mtu ana kiasi gani. Waliuliza anatanguliza nini. Vijana walioweka mafanikio ya kifedha mbele ya mahusiano, kujikubali na kuisaidia jamii walionekana kuwa na wasiwasi zaidi na uchangamfu mdogo. Ryan na mwenzake Edward Deci wameeleza kwa nini: nafsi ya binadamu ina mahitaji matatu, yaani kuwa na kauli juu ya maisha yake, kuwa hodari wa jambo fulani, na kuwa na watu. Fundi cherehani anayejipangia saa zake, anayejua kabisa kwamba shati lake litamkaa mteja, na ambaye mtaa mzima humwita kwa jina, ametimiziwa yote matatu hata kama bado amepanga chumba. Mkurugenzi asiyethubutu kuzima simu hata msibani anaweza kuyakosa yote.

Kuhusu hitaji hilo la tatu, la kuwa na watu, ushahidi ni wa muda mrefu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walianza mwaka 1938 kufuatilia maisha ya vijana, na hatimaye makundi mawili yaliunganishwa: wanafunzi 268 wa chuo hicho na wavulana 456 wa mitaa ya kimaskini ya Boston. Wale waliokuwa wameridhika na mahusiano yao walipofika miaka 50 ndio waliokuwa na afya njema zaidi walipofika 80, na kuridhika huko kulitabiri afya vizuri kuliko vipimo vya lehemu.

Sasa tazama maisha ya mtu mmoja. Mwaka 1982 Wangari Maathai, msomi wa Kenya, alijiuzulu Chuo Kikuu cha Nairobi ili agombee ubunge. Alizuiwa kugombea kwa hoja ya usajili wake wa kupiga kura, chuo hakikumrudisha kazini, na nyumba ya chuo ikabidi aiache. Ndoa yake ilikuwa imeshavunjika. Kwa kipimo cha "umeshajenga?", mwanamke huyu mwenye shahada ya udaktari alikuwa ameanguka vibaya.

Lakini tangu 1977 alikuwa na hesabu nyingine. Katika harakati zake za kupanda miti, ziitwazo Green Belt, wanawake wa vijijini waliotesha miche kwenye vitalu na kuipanda, na walilipwa kiasi kidogo kwa kila mche ulioshika. Uzito wote uko kwenye neno hilo la mwisho. Kuhesabu miti iliyopandwa ni rahisi: kiongozi anakuja, anashika jembe, anapigwa picha, na wiki mbili baadaye mbuzi wamemaliza kazi. Ukihesabu ulioshika, inabidi urudi, umwagilie, uzungushie miiba. Kipimo chenyewe kinakufundisha kazi.

Alipopewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, miti ilikuwa imezidi milioni 30. Wengi husimulia habari zake kana kwamba tuzo ndiyo iliyothibitisha kuwa alifanikiwa. Sikubaliani nao. Mwaka 1982 tuzo haikuwepo hata kwenye ndoto, na miche ilikuwa tayari inashika. Angengoja alama kutoka Oslo, inakotolewa tuzo hiyo, angekata tamaa miaka ishirini kabla.

Jiulize basi: unataka nini kiwe kimeshika, na utajuaje kwamba kimeshika? "Kuwa baba bora" hakupimiki. "Mwanangu ananiletea shida zake kabla hazijawa kubwa" kunapimika, tena jioni hii hii. "Kusaidia jamii" ni maneno ya jukwaani. "Yupo mtu aliyejifunza ufundi kwangu na leo anajitegemea" ni jambo unaloweza kulionyesha kwa kidole. Andika pia kiasi cha pesa kinachokutosha kwa ada, matibabu, wazazi na akiba. Pesa isiyowekewa ukomo humeza mengine yote.

Kuna jambo ambalo vitabu vingi vya kigeni hulipita haraka. Kwetu mafanikio ya mtu huwa na wadau. Mshahara mmoja unasomesha wadogo. Aliye Muscat au Minneapolis ndiye bima ya afya ya mama kijijini. Ukiacha kazi ya kipato kikubwa ili uwe karibu na watoto, sehemu ya gharama anailipa mama huyo. Kubadili kipimo kimyakimya ni kuwadhulumu wanaokutegemea, hata kama nia yako ni njema. Kwa hiyo ukishaandika chako, usikifungie kabatini. Kaa na mwenzi wako, mpigie mama, waite wadogo zako, uwaambie utaendelea kubeba nini, utapunguza nini na kwa nini. Wasikilize wakipinga, kwa sababu katika baadhi ya mambo watakuwa na haki.