Kuisoma Ndege Kiwandani

Nchi ya visiwa haina njia nyingi za kuwaunganisha watu wake: ni bahari au ni anga. Indonesia, yenye visiwa zaidi ya 17,000, ililitambua jambo hilo mapema, na mwaka 1976 ikafungua mjini Bandung kiwanda chake cha ndege. Habari za kiwanda hicho tunaziona zinastahili kusomwa kwa makini na wananchi wa visiwani, na hasa na ndugu zetu wenye dhamana ya elimu na viwanda, kwani wapo bado wanaoamini kuwa ujuzi hununuliwa pamoja na mashine, ukaletwa ndani ya kasha moja.

Aliyekabidhiwa kazi ile ni B. J. Habibie, mzaliwa wa Parepare katika kisiwa cha Sulawesi. Alisoma Aachen, Ujerumani, akapata shahada ya udaktari mwaka 1965, kisha akafanya kazi katika viwanda vya ndege vya Hamburg hadi alipoitwa nyumbani mwaka 1974. Huko alishughulikia jambo ambalo mtu wa kawaida asingelidhani kuwa ni elimu nzima: namna ufa mdogo unavyoanza na kuenea katika madini yanayobebeshwa mzigo na kupumzishwa, mara maelfu kwa maelfu.

Njia aliyoichagua ilikuwa kinyume cha mazoea. Vyuo huanza na nadharia na kumalizia na kitu. Yeye alianza na kitu. Kwanza wafanyakazi wa Bandung waliunda, kwa leseni ya kampuni ya CASA ya Hispania, ndege ndogo ya C-212 iliyokwisha kubuniwa na wengine. Hapo walijifunza kukata bati kwa kipimo, kupiga ribiti na kutunza kumbukumbu ya kila kipande. Hatua ya pili ilikuwa kubuni pamoja na mwalimu. Ndege ya CN-235, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1983, iligawanywa nusu kwa nusu: Wahispania walichukua sehemu ya mbele na ya kati, na Waindonesia wakachukua mabawa ya nje, sehemu ya nyuma na mkia. Yatazamwe mafungu hayo. Mwanafunzi hakupewa viti na mapazia. Alipewa bawa, na bawa likikosewa watu hufa.

Ni katika kazi ya namna hiyo ndipo kanuni za usanifu wa ndege hueleweka. Msanifu haanzi na umbo zuri. Huanza kwa kuuliza: abiria wangapi, safari ya umbali gani, na kiwanja kina urefu gani? Akishajibiwa hukadiria uzito, na hapo ndipo taabu inapoanza, kwani kila kitu kinamvuta mwenzake. Ukiongeza uzito wa kiwiliwili, bawa halina budi likue. Bawa likikua, injini itatakiwa kuwa na nguvu zaidi. Injini hiyo itadai mafuta zaidi. Na mafuta nayo ni uzito. Mhandisi huzunguka katika duara hilo mara nyingi kabla hesabu hazijatulia. Baada ya hapo mfano mdogo hupulizwa upepo maabarani, na bawa zima hukunjwa kwa mitambo mpaka lithibitike kuwa linastahimili mara moja na nusu ya mzigo mkubwa kabisa unaotarajiwa angani. Kitabu hukueleza kipimo hicho kwa mstari mmoja. Kiwandani unasimama ukilisikiliza bawa likilia.

Hatua ya tatu ilikuwa kubuni peke yao. Tarehe 10 Agosti 1995 iliruka N250, ndege ya abiria 50 hivi, yenye injini mbili za rafadha, ambayo usukani wake uliamrishwa kwa umeme badala ya nyaya za chuma. Wapo waliouliza, wala hawakukosea kuuliza, kama taifa lenye wakulima maskini wengi lilikuwa na haja ya anasa hiyo, na kama hesabu za kiwanda zilikuwa wazi kwa wananchi. Jibu lilikuja kwa ghafla. Uchumi uliporomoka mwaka 1997, na katika masharti ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa serikali ilitakiwa kuacha kukigharimia kiwanda. N250 ilisimama kabla ya kupata hati ya kuruhusiwa kubeba abiria. Maelfu ya wafanyakazi waliachishwa kazi mwaka 2003, na wahandisi wengi wakaenda kuajiriwa katika viwanda vya ndege vya ng'ambo, ambavyo havikuwalipia hata siku moja ya mafunzo.

Hasara hiyo kwa maoni yetu ni kubwa kuliko ile ya ndege yenyewe, kwani michoro hubaki kabatini, lakini mkono uliozoea kazi hauwekwi kabatini. N250 ya kwanza ilipelekwa makumbusho ya Yogyakarta mwaka 2020. Hata hivyo waliobakia Bandung, wakishirikiana na taasisi ya taifa ya utafiti wa anga, walibuni N219, ndege ya abiria 19 inayoweza kutua katika viwanja vifupi vya visiwani na milimani. Iliruka kwa mara ya kwanza Agosti 2017, na Desemba 2020 ikapata ile hati ambayo N250 haikuipata.