Doa la Embe Huanza Mauani

Msimu mkubwa wa maembe ukifika, kati ya Novemba na Februari, malalamiko ya Hindi, Mpeketoni na mashamba ya Lamu kisiwani ni yale yale: embe limechumwa zima, likifika sokoni Mombasa lina madoa meusi. Lawama humwangukia mchukuzi.

Aghalabu mchukuzi hana kosa. Ugonjwa huo ni chule, na embe liliupata lingali dogo kama punje ya mbaazi. Kuvu wake hujificha kwenye vijiti vikavu na maembe yaliyooza mtini. Mvua ikinyesha, matone huirusha mbegu yake kutoka tawi hadi tawi. Hupenya ganda bichi kidogo, kisha hutulia humo kwa miezi. Embe likianza kuiva, kuvu nao huamka. Kwa hiyo kupiga dawa wiki ya kuchuma ni kutupa pesa, tena ni kumlisha mnunuzi sumu.

Kazi yenyewe ni ya baada ya mavuno. Kata vijiti vikavu, punguza matawi ya katikati ili upepo na jua vipite, okota yaliyooza uyafukie. Miembe mingi ya zamani imepita kimo cha bomba la mgongoni, na hapo msumeno una faida kuliko dawa yoyote. Najua si rahisi kumwambia mtu akate tawi la mwembe wa babu yake.

Adui wa pili, ubwiri unga, hangoji mvua. Huja na upepo, hasa usiku wa baridi wakati wa kusi, miembe ikichanua. Shada huvaa unga mweupe, maua hupukutika. Maembe ya aina ya Ngowe na Apple huathirika sana. Salfa husaidia ikipigwa shada linapochomoza, kabla maua hayajafunguka. Piga jioni: jua kali likiikuta salfa majani huungua, na nyuki nao watakuwa wamerudi mzingani. Dawa ya shaba, ya kuzuia chule, ingoje matunda yashike.

Kwa embe lililokwisha chumwa, maji moto ya nyuzi 52 hadi 55 kwa dakika 5, siku hiyo hiyo ya kuchuma, hupunguza chule. Bila kipimajoto usijaribu; maji yakizidi moto, ganda litababuka na mnunuzi atalikataa vilevile.