Tronsonezi: mushikio wa juu ao wa nyuma?

Mwezi wa kumi, siku kidogo mbele mvua ianze, shemeji yangu aliitwa mu cité moja ya hapa Likasi kukata mwembe. Tawi moja kubwa ilikuwa imelala juu ya manjanja ya nyumba, na mama mwenye nyumba alikuwa anaogopa tufani ya kwanza ya mwaka. Shemeji alikuwa foreri mu shimo miaka mingi. Tangu kontra yake iishe, anakata miti ya watu juu ya kulisha watoto. Kazi hiyo iko mingi kwetu: miembe, mivoka, ekalipitisi na jakaranda za zamani zilipandwa karibu na nyumba, leo zimekuwa kubwa kupita nyumba zenyewe.

Alikuwa amenunua mashine ndogo ya okazyo, ile iko na mushikio juu. Nyepesi, nzuri ya kubeba. Akapanda ngazi, mukono wa kushoto ukashika tawi, wa kuume ukashika mashine. Ncha ya chuma ikagusa tawi ingine nyuma ambayo hakuiona. Mashine ikaruka. Ikashuka juu ya mukono wa kushoto, chini ya kiwiko. Mungu alisaidia, mushipa mukubwa haukukatika, lakini mupaka leo vidole viwili havifungi muzuri.

Nilipoenda kumuona nikamuuliza: «Shemeji, juu ya nini ulishika na mukono moja?» Akanijibu: «Yaya, ile mashine njo wanaitumikishaka vile. Kama haikuwa ya mukono moja, wangeweka mushikio juu juu ya nini?»

Wandugu, jibu hilo njo lilinifanya niandike. Juu shemeji si mujinga. Watu wengi wanawaza sawa yeye, na mimi pia niliwaza vile mbele niulize mafundi na kusoma kitabu cha mashine chenyewe.

Kwanza tuelewane juu ya mashine mbili hizi. Tronsonezi ya mushikio wa nyuma, njo ile watu wote wanajua: mukono wa kuume unashika nyuma ya motere, pale pa kuongeza esansi, na wa kushoto unashika ule upinde wa mbele. Mikono iko mbali, moja na mwenzake. Tronsonezi ya mushikio wa juu iko na mushikio wake wa esansi juu ya motere, katikati, na upinde wa kushoto karibu sana. Inakuwa fupi, na mashine yenyewe haipite kilo tatu ao ine hivi. Iliundwa juu ya mutu mumoja tu: ule amepanda mu muti, amefungwa na mukanda na kamba, kati ya matawi ambamo mashine ndefu haiwezi kugeuka. Lakini hata kule juu, kitabu kinasema mikono mbili. Mushikio uko juu juu mashine ikae sawa karibu na mwili wa mupandaji. Kuachilia mukono moja haimo.

Sasa, juu ya nini ile ndogo njo iko na hatari zaidi? Mutu wa mine ataelewa mbio. Fikiri baramini. Wakati unaangusha mawe yanayolegea mu plafo ya galeri, unashikaka baramini na mikono karibu-karibu? Hapana. Unaachanisha mikono, moja mbele, moja nyuma, juu jiwe likiruka uweze kushika chuma isikurudilie mu uso. Tronsonezi ni vile vile. Sheni inakimbia karibu metre 20 kwa segonde, ni sawa motokari ya kilometre 70 kwa saa. Kama sehemu ya juu ya ncha inagusa kitu, meno yanakwama kidogo tu, na nguvu yote inageuza mashine kuelekea kwako. Haikupe hata wakati wa kusema «ayi». Mwenye mikono mbali anaweza kushindana nayo. Mwenye mikono karibu hana nguvu ya kuizuia, na tena ncha iko karibu na shingo yake. Mwenye mukono moja, yeye hana kitu.

Iko na freni ya sheni, ndiyo. Ile plastiki iko mbele ya mukono wa kushoto: mashine ikiruka, mukono unaisukuma na sheni inasimama. Lakini inasukumwa na nini kama mukono wa kushoto umeshika tawi? Tena kidole gumba kizunguke upinde. Ninaona vijana wanaweka kidole gumba juu pamoja na vingine, sawa mutu anashika mukongojo.

Kuna mambo ingine ambayo mushikio wa nyuma unatoa na wa juu hauna. Chini ya mushikio wa nyuma pamepanuka: sheni ikikatika na kurudi, inapiga pale, haipigi vidole vya kuume. Na wakati wa kuwasha, unaweka mashine chini, unatia ncha ya botini mu mushikio, unavuta. Ile ya juu haina nafasi ya muguu, basi watu wanaiwasha inaning'inia mu mikono. Nilishaona mutu anaiwasha vile na sheni ikapita mu suruali. Suruali tu, siku ile.

Hapa ninaingia mu jambo la kazi, juu hii gazeti inasomwa na wafanyakazi. Mu sosiete moja ya sutretansi, yenye kusafisha miti mbele ya mashine za kuchimba zipite, tulikuta ekipe nzima imepewa mashine za mushikio wa juu. Watu wote wako chini, hakuna anayepanda, wanakata miti ya pori iliyolala na matawi yake, mugongo umeinama siku nzima. Shefu alituambia: «Ni nyepesi, watu hawachoke.» Ni uongo mutamu. Mashine fupi chini inakuinamisha zaidi, inaweka uso wako karibu na sheni, na mwisho wa siku mutu amechoka kiuno, anaanza kutumikisha mukono moja. Tuliandika mu kaye ya komite ya usalama, tukarudi mara tatu. Nusu ya mashine zilibadilishwa. Ile nusu ingine bado tunaidai.

Basi mutu ananiuliza: kama niko na feza ya mashine moja tu, ninunue gani? Ninajibu bila kuzunguka: ya nyuma. Motere ya cc 35 mupaka 50, chuma ya santimetre 35 ao 40, inatosha kwa mwembe, mavoka, kuni na mbao za nyumbani. Usinunue yenye chuma ndefu sana juu ya kujionyesha. Ncha ndefu ni ncha ambayo huoni inagusa nini. Zile kubwa za cc 70 na zaidi ni za wakata-mbao wa pori, na uzito wake utakuua mbele ya muti.

Na kule juu ya muti? Hapa wengine watacheka: nunua musumeno wa mukono, ule wa kupinda, wa kukata matawi. Haina esansi, hairuke, tawi ya unene wa mukono inaanguka kwa dakika kidogo. Shemeji angeutumia siku ile angekuwa na vidole vyake vyote. Matawi manene, yafunge kamba na uyakatie chini. Ile ya mushikio wa juu tuwaachie wale waliofundishwa kupanda na wako na vyombo: kaske, lineti, vizibo vya masikio, suruali yenye nyuzi za kuzuia sheni, mukanda, na kamba mbili za kujifunga, moja ikiwa na chuma ndani. Kamba ya kawaida, sheni inaikata sawa uzi. Na ngazi si chombo cha kukatia miti na motere. Tawi inaanguka, inapiga ngazi, na wewe unafuata.

Iko pia zenye kutumika na batri. Hazipige kelele mingi, hazina moshi, mu pepo ya majirani ni nzuri. Lakini umeme wetu munaujua, na mutu ataona ni nyepesi tena, atashika na mukono moja. Sheni ya batri inakata nyama sawa ya esansi.

Mambo ya kutunza ni moja kwa zote mbili, nitapita mbio. Changanya esansi na mafuta ya motere za aina hiyo namna kitabu kinaandika: kama ni 50 kwa 1, ni mililitre 20 kwa litre; kama ni 25 kwa 1, ni 40. Mafuta ya sheni, si ile nyeusi iliyotoka mu motokari, ina unga wa chuma, inakula chuma na pompi. Noa meno na lima ya muviringo ya kipimo chake. Sheni butu inatoa unga sawa wa muhogo, na mutu anaanza kuisukuma na nguvu. Pale njo ajali inaanzia.

Neno la mwisho kwa wanaofanya kazi hiyo siku kwa siku kwa sosiete. Watakuambia «wewe ni journalier, ajali yako si yetu». Kode ya kazi ya 2002, artikele 40, inasema: mutu aliyeitwa siku kwa siku, kama amemaliza siku 22 mu miezi mbili, na wakamuita tena mbele ya miezi hiyo iishe, kontra yake inahesabiwa ya muda usio na mwisho. Andika siku zako mu kaye yako mwenyewe, na jina la shefu aliyekuita. Ajali ya kazi inatangazwa kwa CNSS, na mupe delege wako kopi ya karatasi ya hospitali siku ile ile, si kisha mwezi.

Shemeji yeye hakuwa na sosiete, hakuna wa kumutangaza. Tulichanga mu familia na wandugu wa zamani wa shimo. Ule mwembe ungali unasimama nusu, na tawi bado iko juu ya manjanja. Siku ya posho tutaenda wanne, na kamba, na musumeno wa mukono, na mashine ya nyuma ya jirani itakayobaki chini. Shemeji atakaa mu kiti, atatuonyesha tawi ya kuanza.