Dume Mmoja, Majike wa Sura Nyingi

Dume wa Papilio dardanus, kipepeo wa misitu ya Afrika kusini mwa Sahara, ni wa manjano hafifu, ana ukingo mweusi na mkia kwenye kila bawa la nyuma. Jike, katika sehemu kubwa ya bara, hana mkia. Huyu ni mweusi mwenye mabaka meupe, yule ni wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi, na kila sura ni ya kuazima kwa kipepeo mwenye sumu: Danaus chrysippus, ambaye kiwavi wake hula mimea ya utomvu mweupe, au jamaa zake wa jenasi Amauris. Kiwavi wa dardanus hula majani ya jamii ya michungwa, ambayo hayampi sumu hiyo. Wataalamu walidhani sura hizi ni spishi mbalimbali hadi Roland Trimen alipoonyesha mwaka 1869 kuwa ni moja.

Kwa nini basi sura isiwe moja? Kwa sababu ulaghai huu huharibiwa na wingi. Ndege hujifunza kwa kuonja; akikutana na waigaji watamu wengi kuliko wenye sumu, woga humtoka. Sura iliyo adimu ndiyo yenye faida. E. B. Ford alionyesha athari ya uwiano huu mwaka 1936: Entebbe, penye vipepeo wengi wa sumu, waigaji wabovu walikuwa wachache mno; Nairobi, ambako wa sumu ni adimu, walikaribia theluthi.

Wapo watakaouliza mbona watoto hawazaliwi na sura za nusu kwa nusu. Cyril Clarke na Philip Sheppard waliwazalisha kwa mkono wakakuta sura hutawaliwa na sehemu moja tu ya kromosomu. Wazazi wa eneo moja hutoa sura safi. Wa maeneo ya mbali, mara nyingi rangi huvurugika. Na madume, mbona hawaigi? Jike mzito wa mayai hupepea polepole akitafuta majani ya kutagia, hivyo anauhitaji ulinzi zaidi. Dume, nadhani, angepoteza alama zinazomtambulisha kwa wenzake.

Pingamizi gumu ni Madagaska. Danaus chrysippus yupo huko, lakini jike wa dardanus ana mkia na manjano kama dume. Haliivunji hoja. Ndege huchuja tofauti iliyokwisha kuzaliwa, hawaizui. Badiliko la jeni lisipotokea kisiwani, hawana cha kuchuja.