Vali Mpya ya Moyo: Mwulize Daktari Kuhusu Ubongo Pia

HUENDA unaye mzazi aliyepita umri wa miaka sabini ambaye siku hizi hawezi kupanda ngazi hadi ghorofa ya pili bila kusimama kutweta. Kifua kinambana, pengine ameshawahi kuzirai. Ukimpeleka hospitalini, daktari huenda akakuambia kwamba vali ya kutolea damu moyoni imekakamaa kwa chokaa na haifunguki ipasavyo.

Usidhani hayo ni uzee tu. Katika utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka wa 2010, wagonjwa waliodhoofika mno wasiweze kupasuliwa, na ambao hawakuwekewa vali mpya, karibu nusu yao walifariki katika mwaka mmoja. Waliowekewa vali kwa mpira, waliofariki ni kama 31 kwa kila 100.

Mpira huo ndio tunaotaka kuuzungumzia leo. Aliyeanzisha njia hii ni daktari Alain Cribier, katika mji wa Rouen, Ufaransa, mnamo Aprili 2002. Badala ya kupasua kifua na kuusimamisha moyo, daktari hupenyeza mpira mwembamba katika mshipa wa damu kwenye kinena na kuusukuma hadi moyoni. Vali mpya, iliyokunjwa kama mwavuli, hufunguliwa ndani ya ile mbovu. Wagonjwa wengi huwa wanatembea keshoye.

Lakini fikiria kidogo, msomaji. Vali ya zamani haitolewi. Hubanwa pembeni kwa nguvu, na chokaa yake ni kavu kama ukoko wa sufuria. Vipande vidogo vinaweza kubanduka. Hatua chache tu kutoka hapo, mshipa mkuu hutoa matawi yanayopanda shingoni kwenda kichwani. Kipande kikifuata njia hiyo, huziba mshipa wa ubongo, na hicho ndicho kiharusi.

Hofu hiyo ilikuwa ya kweli. Utafiti mwingine wa Marekani wa mwaka wa 2011 ulionyesha kwamba katika siku 30 za kwanza, wagonjwa 5.5 kwa kila 100 waliotiwa vali kwa mpira walipata kiharusi au dalili zake za kupita, ilhali waliopasuliwa walikuwa 2.4. Tangu hapo mipira imekuwa myembamba na mikono ya madaktari imezoea. Kufikia mwaka wa 2019, kwa wagonjwa wenye nguvu kiasi, hesabu ilikuwa imegeuka: 0.6 kwa mpira na 2.4 kwa kupasuliwa.

Yapo pia madhara yasiyoonekana kwa macho. Madaktari wa Essen, Ujerumani, mwaka wa 2010 walipiga picha za ubongo za wagonjwa 32 baada ya kazi hii. Ishirini na saba walikuwa na vidonda vipya vidogo, ingawa wengi hawakuhisi lolote. Hili lisikutie kiwewe. Wagonjwa wengi hubaki na akili zao timamu, na wengine huchangamka zaidi kwa kuwa damu sasa inafika kichwani vizuri. Hata hivyo wapo wachache ambao kumbukumbu hufifia, na familia ndiyo huona kwanza.

Kuna kichujio, mfano wa chujio la chai, kinachowekwa kwenye mishipa ya kwenda kichwani wakati wa kazi ili kudaka vipande. Vipande vinanaswa kweli. Lakini utafiti mkubwa wa Uingereza wa mwaka wa 2025, wenye wagonjwa zaidi ya 7,600, uliona kiharusi kwa 2.1 kati ya 100 waliowekewa kichujio, na 2.2 kwa wasiowekewa. Kwa hiyo usikubali kukilipia kana kwamba ni kinga kamili.

Tukumbuke pia kwamba hapa Afrika Mashariki vali nyingi huharibiwa na homa ya baridi yabisi, iliyoanza kama maumivu ya koo utotoni. Ugonjwa huo mara nyingi hushika vali nyingine, na tiba yake ni tofauti. Uliza ni vali ipi.

Uliza pia kama mapigo ya moyo wa mzee yanaruka-ruka, kwani hali hiyo huleta damu iliyoganda na kiharusi hata miezi baadaye. Dawa atakazopewa za kuzuia damu kuganda asiziache bila kumwuliza daktari.

Viharusi vingi hutokea siku mbili tatu za mwanzo, kwa hiyo anayemlinda mgonjwa wodini awe macho. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, mwite muuguzi papo hapo. Tazama saa, ukumbuke ni lini ulimwona mara ya mwisho akiwa sawa, kwa sababu hilo ndilo daktari atakalouliza kwanza.